Doa la Mwanga kwenye Ukuta wa Stoo

Wajukuu wangu hunicheka kwa jambo moja. Redio ikipoteza stesheni na kuanza kukoroma, mimi husimama. Kama nakula nitaacha kijiko, kama nimekaa na wageni nitakatiza maneno, na moyo utanidunda mpaka mtu aizime. Wao wanadhani bibi ameanza kuzeeka vibaya. Sijawahi kuwaeleza sawasawa, maana nikianza tu naambiwa nifupishe, na habari hii haifupishiki. Waliowahi kunisikia nikifundisha watabisha kwamba sikuwa mwoga, kwamba sauti yangu ilifika hadi bweni la mwisho. Sauti ndiyo ilikuwa kubwa. Mwenyewe nilikuwa mwoga tangu utotoni na ni mwoga hadi leo.

Niliolewa Tabora mjini, upande wa nyumba kongwe, miaka ile watu walipokuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Kwetu ni Nzega, kwa wakulima na wafugaji, nami nilikuja mjini kufundisha fizikia katika shule ya sekondari. Ukoo wa mume wangu ulikuwa wa mjini tangu enzi za misafara, mafundi kwa vizazi. Baba mkwe alikwisha fariki. Mama mkwe alishona nguo za watu kwa cherehani barazani, na kofia alishona kwa mkono, mkasi wake ukining'inia kiunoni kwa kamba na sindano mbili tatu zimechomekwa kwenye kanga kifuani. Ukimkumbatia ilibidi uangalie.

Mume wangu aliendesha redio ya upepo, ile ya kuitana na kujibizana bila nyaya za simu, katika ofisi moja iliyosimamia vijiji vipya. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, aliviita kimoja kimoja. Aliviita kwa kufuata njia, kuanzia vya karibu, kupita Itetemia, kwenda magharibi hadi Kaliua, kisha vya kuelekea Ulyankulu, karibu njia ileile waliyopita wapagazi na mizigo ya pembe. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Alisema akifuata njia hasahau hata kimoja, kwa sababu miguu ya babu zake ilikwisha kuikariri.

Kijiji kikiitwa kinaitika, kinatoa salamu, kisha kinasema kama kuna mgonjwa, mgeni au upungufu wa unga. Kisichoitika kiliitwa tena mwisho. Kikinyamaza mara ya pili, katibu wa ofisi anaambiwa, na gari linatumwa kuangalia. Miaka ile kutoitika halikuwa jambo dogo. Kijiji kilichonyamaza huenda watu wake wametoroka kurudi mahame, kwenye makazi yao ya zamani, huenda wamegoma, huenda wamevamiwa. Magharibi yetu watu walikuwa wamevuka mpaka wakikimbia kuuawa kwao, na minong'ono ya vita haikuisha sokoni. Kwa hiyo mume wangu aliporudi kunywa chai, sote tulimtazama uso kwanza. Akisema "wameitika," tulipumua.

Mimi nami nilikuwa na chupa yangu.

Shule haikuwa na vifaa vya maana, nami nilichoka kuona wanafunzi wanakariri kwamba dunia ni sumaku kana kwamba ni sala. Mama mkwe alikuwa na sumaku ya kuokotea sindano zilizoanguka kwenye mkeka. Nilichukua sindano zake chache, nikazisugua kwa sumaku hiyo kwa upande mmoja mpaka zenyewe zikawa sumaku, nikazifunga pamoja na kubandika juu yake kipande kidogo cha kioo cha kujitazamia. Nikazining'iniza kwa uzi wa hariri ndani ya chupa kubwa, ili hewa ya chumbani isizichezee. Chupa nikaiweka stoo kwenye giza. Mbele yake nikaweka kandili ndani ya kasha la mbao lenye tundu. Mwanga ulitoka tunduni, ukapiga kile kioo, ukarudi na kutua kwenye ukuta wa mbali kama doa. Sindano zikigeuka hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, doa linasogea ukutani. Asubuhi na jioni nilichora kwa penseli mahali lilipo.

Siku ya kawaida doa lilitembea upana wa kidole na kurudi. Mara chache lilitangatanga, na nilijua sababu, au nilijua kile walichotufundisha chuo.

Nguvu ya sumaku ya dunia haiishii ardhini. Inatoka na kuizunguka dunia mbali sana angani, na eneo hilo la nguvu tunaliita uga. Jua nalo halitoi mwanga na joto tu. Linatoa upepo, si wa hewa bali wa chembe ndogo mno zenye umeme, unaovuma bila kupumzika. Ukifika kwetu unakutana na uga wa dunia na kugawanyika pembeni, kama maji ya mto yanavyoipita nguzo ya daraja. Upande unaoelekea jua uga unabanwa. Upande wa usiku unaburutwa na kuwa mkia mrefu. Siku nyingi hakuna linaloharibika. Lakini upepo huo hubeba sumaku yake, na ikielekea kinyume na ya dunia, mbili hizo huungana na mlango hufunguka. Nguvu ya upepo inaingia, mikondo ya umeme inaizunguka dunia huko juu, sindano za huku chini zinatikisika, na lile tabaka la angani linalorudisha mawimbi ya redio ardhini linavurugika. Mtu wa Tabora anaita Kaliua, sauti yake inapanda juu na hairudi.

Kujua hayo hakukuniondolea hofu. Kuliniongezea. Wengine walilala wakiogopa simba na wezi, mimi nililala nikiogopa jua.

Mama mkwe hakuipenda chupa ile. Siku ya kwanza alisimama mlangoni pa stoo akaniuliza, "Mwanangu, hiki kitu kinangoja nini humu?"

"Hakingoji kitu, mama. Kinaangalia tu."

Sijui nilifikiri nini kumjibu hivyo. Tangu siku hiyo hakukanyaga stoo, hata unga akawa ananituma mimi. Majirani wakapata la kusema, kwamba mwalimu wa Nzega anapiga ramli kwenye nyumba ya Waislamu. Nikawaeleza wa nyumbani sheria moja tu, kwamba chuma kisikaribie ukuta wa stoo, kwa sababu chuma kinazivuta sindano na doa linadanganya. Baiskeli isiegeshwe uani upande ule. Cherehani lisisogezwe. Mama mkwe alisikiliza akaguna.

Siku ya balaa niliingia stoo asubuhi nikakuta doa limeacha alama yake. Lilikuwa limesogea upana wa vidole viwili vitatu, na halikutulia, lilitetemeka, likaenda, likarudi. Nilisimama na penseli mkononi nikashindwa kuchora. Mume wangu aliporudi uso wake ulikuwa umekauka.

"Hakuna aliyeitika," akasema. "Hata Itetemia pale, redio inavuma tu."

"Ni jua," nikamwambia.

"Najua ni jua. Lakini kesho kuna mgeni."

Mgeni alikuwa mkubwa kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kukagua kijiji cha mfano upande wa magharibi. Agizo la kumpokea lilipaswa kupita redioni siku ile: watu wakusanyike, ngoma iwepo, shamba la pamoja lifyekwe. Mume wangu aliita asubuhi, mchana, alasiri. Alimweleza katibu kila mara kwamba vijiji havisikiki, na katibu aliingia chumba cha redio akaitazama. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Sauti ya kukoroma ilikuwa inatoka. Katibu akasema redio iliyokufa haiwaki taa, endelea kuita. Gari la kupeleka ujumbe halikuwepo, lilikuwa linaoshwa kwa ajili ya mgeni.

Kesho yake msafara ulifika kijijini ukakuta uwanja mtupu na mbuzi. Wanaume walikuwa porini kwenye mizinga yao ya nyuki, wanawake mashambani. Inasemekana mzee mmoja alitoka nyumbani na kuwauliza wageni kama wamepotea njia. Leo naweza kucheka. Siku ile katibu alirudi mjini na jambo lililopaswa kuwa na mwenyewe, na mwenyewe akawa mume wangu. Walisema amefanya hujuma.

Neno hilo halina uzito tena masikioni mwa vijana. Kwetu lilikuwa neno la kumtoa mtu kwenye ramani. Walimchukua ofisini mchana kweupe akapelekwa mahabusu, na tarishi wa ofisi ndiye aliyeleta habari nyumbani pamoja na kofia yake. Mama mkwe aliipokea ile kofia, alikuwa ameishona yeye, akaigeuza ndani nje kana kwamba anatafuta palipofumuka. Mimi nilikaa chini barazani mbele za watu. Niliogopa kwamba sitamwona tena. Sikuwa na wazo jingine kichwani.

Nilikwenda kwa katibu siku iliyofuata. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na upole huo ulinitisha kuliko kelele. Shati lake lilikuwa safi. Kiunoni alining'iniza fungu la funguo za ofisi nzima, funguo kubwa za zamani za Mjerumani, na kila alipotembea zililia.

"Shikamoo, Ndugu Katibu."

"Marahaba, Ndugu Mwalimu. Najua kilichokuleta."

Nikamweleza. Nilieleza kama ninavyoeleza darasani, kuanzia sumaku hadi upepo hadi tabaka la juu, na niliona macho yake yakihama kwenda dirishani. Nilipomaliza aliniuliza, "Kwa hiyo redio ya upepo imezimwa na upepo?"

"Upepo wa jua, Ndugu Katibu."

"Na upepo huo umeuona?"

Nikasema siuoni, lakini nina kitu kinachouona. Nikamwalika nyumbani. Alikuja jioni ileile, jua halijazama, pamoja na wajumbe wawili, na baraza ikajaa majirani waliojifanya wamekuja kuulizia nguo zao. Nilimpeleka stoo. Doa wakati huo lilikuwa limetulia, dhoruba ilikwisha pita. Nikamwonyesha alama za penseli, pale lilipokuwa kila siku na kule lilikokimbilia siku ile. Alitazama kwa makini kweli, sitamsingizia. Kisha akapiga hatua kuisogelea chupa, na doa likaruka.

Akarudi nyuma. Doa likarudi. Akasogea tena, doa likaruka tena.

"Kumbe nikisogea mimi linasogea," akasema. "Basi jua ni mimi?"

Wajumbe wakacheka. "Ni funguo zako, Ndugu Katibu," nikasema. "Ni chuma. Tafadhali ziache nje, uone."

Akashika funguo zake kwa mkono. "Funguo za ofisi haziachwi nje na mtu yeyote." Akaitazama ile chupa upya, sindano, uzi, kandili ndani ya kasha, na niliona kabisa neno ramli linapita kwenye uso wake. "Mwalimu, mumeo anatuhumiwa kuihujumu nchi. Wewe unanionyesha mchezo wa sindano."

Hapo nilisema jambo ambalo sikuwa nimelipima. Nilisema jua hujizungusha, na upande ule uliotupulizia utatugeukia tena kabla mwezi mwandamo haujatimia, na utakapogeuka redio itanyamaza mume wangu akiwa mahabusu, wala hatakuwa ameigusa. Niliyasema kwa ile sauti yangu ya darasani, na baraza nzima ilisikia.

Katibu aliwageukia waliokuwa barazani. "Haya," akasema. "Watu wote hawa ni mashahidi. Ikinyamaza naye akiwa ndani, atatoka. Isiponyamaza, shauri lake litapanda juu, na hapo mimi siwezi kitu."

Alipoondoka nilirudi stoo nikakaa gizani. Ukweli ni kwamba waliotufundisha walisema dhoruba nyingine hurudi na nyingine hazirudi. Walisema hata sehemu ya jua zinakotoka hawajaweza kuiona, wanaikisia tu kwa kurudi kwake. Nilikuwa nimemweka mume wangu rehani kwa kitu ambacho wenye darubini walikuwa bado wanakitafuta.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa namna ya ajabu. Nilimpelekea chakula mume wangu, ugali na maharage au wali siku ya Ijumaa, na kupitia upenyo wa mlango aliuliza jambo moja tu: "Wanaitika?" Nikamjibu, "Wanaitika." Aliitikia kwa kichwa akiwa ameridhika, maana kazi yake aliipenda, kisha akakumbuka maana ya jibu lile kwake na kuuacha mlango. Kila asubuhi vijiji vilipoitika, alizama zaidi. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka.

Mama mkwe aliacha kushona. Niliporudi kutoka shule siku moja nilimkuta amekaa kwenye mkeka mbele ya mlango wa stoo, nje, bila mkasi kiunoni. Aliuacha barazani pamoja na sindano zote za kwenye kanga. Aliyepita na ndoo alimfukuza. Aliyekuja na baiskeli aliambiwa aiegeshe kwa jirani. Fundi aliyeleta jembe la kulipia mshono alirudishwa nalo kutoka mlango wa uani.

"Mama, si lazima ukae hapa," nikamwambia.

"Umesema chuma kinakidanganya. Sasa nani atakizuia chuma, wewe uliye shuleni?"

Akakaa hapo kila siku, tasbihi mkononi, akilitazama doa kwa mbali kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Hakuingia ndani. Jioni aliniambia, "Leo limekwenda hivi," akionyesha kwa kidole, "likarudi." Usahihi wake ulikuwa mzuri, nami niliogopa kumweleza kwamba kwenda hivi na kurudi hakutusaidii. Mwezi ulijaa, ukaanza kumegeka. Nilikuwa nasali kwetu na kwao, kwa lugha zote nilizozijua, kuomba janga.

Lilikuja asubuhi, mwezi ukiwa umebaki ukucha tu. Nilikuwa najiandaa kwenda shule nikasikia mama mkwe ananiita, si kwa kupiga kelele. "Njoo uone. Linatetemeka."

Lilikuwa linatetemeka. Lilikuwa limeiacha alama na linakwenda pembeni, linasita, linakwenda. Nilihakikisha uani hakuna chuma. Nikatoka mbio, mwalimu mzima na viatu vya shule, hadi ofisini.

Uwanja wa ofisi ulikuwa umejaa watu wanaongoja shida zao. Nilipofika karibu na dirisha la chumba cha redio nilisimama, kwa sababu nilisikia vijiji vinaitika. Kimoja kiliitika kwa sauti nene. Kingine kwa sauti ya mzee. "Mwangaluka, mwangaluka, hapa wote wazima." Nikajiambia basi, imekwisha, chupa imenidanganya na mume wangu amekwenda.

Halafu nikasikia lile neno tena, mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, na halikusemwa na Mnyamwezi. Lilisemwa kipwani. Nikachungulia.

Aliyewekwa mahali pa mume wangu alikuwa kijana mwenzake wa kazi, mtu wa Tanga, mwenye adabu. Alikuwa amekaa peke yake mbele ya redio. Sauti ya mashine ameipunguza hadi ikawa kama mtu anayepumua usingizini. Aliita kijiji, akangoja kidogo, akageuza uso pembeni na kujiitikia mwenyewe kwa sauti nyingine. Kisha kijiji kinachofuata. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

"Shemeji," nikamwita kwa kunong'ona.

Aliruka kwenye kiti. Aliponiona alikuja dirishani, midomo imemkauka. "Shemeji, nakuomba uondoke. Nakuomba sana."

"Haviitiki."

"Haviitiki tangu alfajiri." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mwenzangu alisema ukweli, yuko wapi? Mimi nikisema havisikiki nitalala naye leo. Nina mama, shemeji. Kesho pengine vitaitika, nani atajua?"

Sikumkasirikia. Namwelewa hadi leo, maana hofu yake na yangu zilikuwa za mama mmoja. Nilishika nondo za dirisha. "Wewe ukijiitikia," nikamwambia, "mume wangu harudi."

Akachungulia uwanjani. Nyuma yangu watu walikuwa wanapiga soga. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akaweka mkono kwenye kitufe cha sauti. Akakizungusha mpaka mwisho.

Mkoromo ule ulijaza uwanja. Watu waliacha kuongea. Mtoto mmoja alianza kulia. Mlango wa katibu ukafunguka, funguo zikalia, na katibu akapita katikati ya watu waliompisha.

"Nini hiyo?"

"Vijiji haviitiki, Ndugu Katibu," kijana akasema, naye alikuwa amesimama wima kama mtu anayesomewa hukumu. "Hata kimoja."

Katibu alikaa kwenye kiti mwenyewe. Aliita Itetemia. Aliita Kaliua. Aliviita vyote, bila mpangilio, akivirudia, na kila alipoachia kitufe mkoromo ulimrudia usoni. Nilimwona akianza kutokwa na jasho. Hapo ndipo nilipotambua kwamba juu yake pia kulikuwa na mtu, na juu ya mtu huyo mwingine, na kwamba katibu ambaye vijiji vyake vyote vimenyamaza alikuwa na la kujibu kuliko sisi sote. Aligeuka akaniona dirishani.

"Mwalimu," akasema, kwa ule upole wake. "Hilo jua lako, unaweza kulieleza kwenye simu? Kwa mkubwa?"

"Mume wangu anaweza kulieleza," nikasema. "Ndiye anayejua redio."

Wakamtoa kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyeomba radhi. Alikuja ofisini na nguo alizokaa nazo mahabusu, akaieleza simu mambo niliyomweleza mimi mezani, kisha akarudi nyumbani akalala. Mama mkwe alimfunika kwa kanga yake mwenyewe, akasahau kwamba alikwisha kurudisha sindano humo, na mwanawe akaamka kwa kuchomwa. Tulicheka mpaka tukalia.

Ningependa kuishia hapo. Lakini tangu siku hiyo hofu ilihama ofisini ikaja kukaa kwetu. Kila redio ilipokoroma, tarishi alifika mlangoni: "Katibu anauliza, ni jua?" Nami naingia stoo, natazama, naleta jibu. Nikisema ni jua, mambo yanatulia. Mume wangu alirudi kazini, na kila asubuhi aliyokwenda nilijua kwamba kati yake na mahabusu hapakuwa na kitu ila chupa na sindano. Siku nyingi mbingu ilituhurumia. Niliogopa siku moja tu, ile ambayo vijiji vitanyamaza na doa halitasogea.

Ikafika. Ilikuwa asubuhi, chai iko jikoni. Tarishi alisimama barazani na safari hii hakuwa peke yake, alikuja na mjumbe. "Vijiji haviitiki, Ndugu Mwalimu. Katibu anauliza."

Niliingia stoo. Doa lilikuwa juu ya alama ya jana, limetulia tuli. Nilingoja. Halikutikisika. Ubovu ulikuwa ndani ya mashine, au kwenye waya, au mkononi mwa mume wangu, na hao wawili nje walikuwa wanangoja kinywa changu.

Mlango ulisukumwa. Mama mkwe aliingia, kwa mara ya kwanza tangu chupa ile ikae mle ndani. Alitazama doa, akatazama alama, na hakuhitaji kuelezwa. Alifungua kamba kiunoni, akachukua ule mkasi wake wa kushonea, akauweka taratibu kando ya chupa, nyuma ya kasha, mahali usipoonekana. Doa likaruka ukutani, likaenda mbali, likabaki huko linatetemeka.

"Haya," akasema, akijifunga kanga upya. "Waite waje waone."